Kutembea Usingizini

Madaktari huiita hali hii somnambulizimu, neno lililoungwa kwa Kilatini: somnus ni usingizi, ambulare ni kutembea. Kiswahili kinasema kutembea usingizini, na watu wanaelewana. Ila istilahi hiyo inaficha jambo. Mtoto aliyeinuka saa tano usiku, akafungua komeo na kutoka uani macho yakiwa wazi, hajalala sawasawa. Sehemu ya ubongo inayoendesha viungo imeamka. Ile ya kupima mambo na kuweka kumbukumbu bado imezama. Mwaka 1968 daktari Roger Broughton alitoa hoja kwamba kasoro iko katika kuamka, wala si katika ndoto. Kwangu mimi, kuamka nusu lingekuwa jina la haki zaidi.

Kwa hiyo kusema mtoto anaota ni kumsingizia. Hali hii huzuka katika usingizi mzito, mara nyingi ndani ya saa tatu za kwanza, ilhali jinamizi hupenda kuja karibu na alfajiri. Aliyeota jinamizi huamka akamsimulia mama yake. Aliyepatwa na vitisho vya usiku hupiga mayowe, jasho likimtoka, hamtambui hata anayemshika, na asubuhi anadai chai yake kama kawaida. Kuweweseka, yaani kuropoka usingizini, hutokea wakati wowote wa usiku, na peke yake si ugonjwa.

Kutembea huku hurithiwa. Utafiti wa Quebec, Kanada, uliotolewa mwaka 2015 uliona tatizo hili kwa asilimia 22.5 ya watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuwa nalo. Mzazi mmoja akiwa nalo, asilimia 47.4, wote wawili, 61.5. Basi kabla ya kumtafuta mchawi, muulizeni bibi baba alikuwaje utotoni.

Homa na kukosa usingizi huichochea hali hii, na hapo wanafunzi wa bweni msimu wa mitihani wanajulikana. Mwenye tabia hii apewe kitanda cha chini. Kwamba ukimwamsha atakufa ni uzushi. Atachanganyikiwa tu, pengine akurushie ngumi. Mshike bega taratibu umrudishe kitandani. Wengi huacha wakishabalehe. Anayerudia mitikisiko ileile mara kadhaa usiku mmoja ndiye wa kupelekwa hospitali, kwani huenda ni kifafa.