Oili ya Kaka

Kaka yangu mkubwa aliipata Honda yake mwaka 1978, mjini Tanga, kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa CB750 ya silinda nne, na mtaani kwetu hapakuwa na ya pili yake. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Kazi yangu ilikuwa kushika karai wakati wa kumwaga oili.

Kaka alikuwa na sheria: kila kilomita 3,000 oili ibadilishwe, hata kama hakuna sukari nyumbani. Na sukari mara nyingi haikuwapo. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka foleni, na jinsi madereva walivyoiacha oili chakavu itulie kwenye debe, wakaichuja kwa kitambaa na kuirudisha kwenye injini. Kaka hakukubali. Alisema injini ya kijapani haivumilii uchafu kama ya kiingereza.

Baadaye nilisoma nikaona hakukosea sana. Pikipiki za mwanzo hazikuwa na habari ya kubadili oili hata kidogo. Mwendeshaji alisukuma pampu ya mkono kila baada ya mwendo fulani, oili ikaingia kwenye injini, ikafanya kazi yake, kisha ikaungua au kudondoka barabarani. Wajumbe wa jeshi la Uingereza waliopanda Triumph Model H, iliyotoka mwaka 1915, walikwenda vitani kwa mtindo huo wa mafuta kupotea. Mafuta yenyewe mara nyingi yalichanganywa na ya mbarika, mmea ule ule unaoota ovyo nyuma ya nyumba zetu. Jina la Castrol, lililoanza kutumika mwaka 1909, limetokana na jina la kiingereza la mafuta hayo. Bibi zetu waliyatumia kwa tumbo na nywele.

Mafuta yalipoanza kuzungushwa na kurudi tangini ndipo uchafu ulipokuwa tatizo, maana chembe za chuma nazo zilizunguka. Kwenye magari, Wamarekani walileta chujio la Purolator mwaka 1923. Waingereza upande wa pikipiki hawakuwa na haraka. Triumph za silinda mbili zilitegemea wavu wa waya tu, na baadaye mrija ndani ya krenki ambamo tope lilijikusanya kwa nguvu ya mzunguko. Ukitaka kuusafisha mrija huo huna budi kuipasua injini yote. Sijui nani aliona hilo ni jambo la busara.

Honda walipoitoa CB750 mwaka 1969 waliweka filta ya karatasi mbele kabisa ya injini, ndani ya kikombe cha alumini chenye mapezi, kimeshikwa na boliti moja ndefu. Oili haikai chini ya injini. Inakaa kwenye tangi la ubavuni, upande wa kulia. Kwa hiyo unamwaga mara mbili, tangini na chini ya injini, na injini iwe imepata moto kwanza ili oili iwe nyepesi. Kichwa cha boliti ya filta ni kidogo, na kimekaa mbele ambako kinapigwa na matope yote ya barabara. Spana ikiteleza mara moja, kimekuwa duara.

Ndani ya kikombe mna springi, juu yake washa nyembamba ya chuma, kisha filta. Washa hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi 1983. Mombasa iko karibu, lakini filta ikawa kitu cha kuletwa na baharia. Mwaka 1981 kaka alipata moja, akanikabidhi nifunge mwenyewe kwa kuwa vidole vyangu vilipita vizuri kati ya mabomba ya moshi. Nilitoa filta kuukuu, nikaitupa chooni pamoja na matambara, kazi ikaisha. Usiku, nikiwa kitandani, nikakumbuka kwamba sikuiona washa. Ilikuwa imenata chini ya filta kwa oili, nami nikaitupa navyo.

Bila washa, springi inabonyeza mdomo wa filta moja kwa moja, mpira wake hautulii, na oili inaweza kupita pembeni bila kuchujwa. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba kitu kimepungua, na kwamba kaka alikuwa na mkono mzito. Nikanyamaza. Tangu hapo nikajitolea kufunga filta kila mara, ili asije akakifungua kikombe yeye.

Mwaka 1984 injini ikaanza kugonga. Fundi alisema beringi za krenki zimekwisha. Kaka alimlaumu aliyemuuzia oili, wakakosana, na hawakuamkiana tena. Huenda oili ile ilikuwa mbaya kweli. Huenda pia haikuwa.

Honda iliingia stoo ikakaa. Kaka alifariki mwaka 2009. Mwanawe alipotaka kuifufua tulihangaika miaka kutafuta beringi, na siku ya kutia oili ya kwanza yeye alishika spana, mimi karai kama zamani. Nilikuwa nimeagiza washa pamoja na filta. Tulitia lita tatu na nusu, tukawasha, tukaiacha ipate moto kabla ya kuipima, kwani pikipiki ya namna hii ikilala muda mrefu oili huvuja kutoka tangini kwenda chini, ukaona imepungua ukaongeza bure.

"Baba mdogo," akaniuliza, "mbona ile ya zamani haikuwa na hii washa?"

Nikamweleza yote, tangu chooni. Hakucheka. Aliuliza jina la yule muuza oili, nami nikamwambia, na kwamba bado yu hai, anakaa Ngamiani kwa bintiye.