El-Hadary, Essam: mlinda lango wa Misri

Essam El-Hadary ni aliyekuwa mlinda lango wa Misri, aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1973 katika mji mdogo wa Kafr El-Battikh, mkoa wa Dumyat, kule ambako mkono wa mashariki wa mto Nili unakaribia kumwaga maji yake katika Bahari ya Mediterania. Kwa zaidi ya robo karne alisimama baina ya milingoti ya klabu zake na ya taifa lake, hata akatimiza michezo 159 ya timu ya taifa na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mara nne. Na tarehe 25 Juni 2018, katika mji wa Volgograd nchini Urusi, akiwa na umri wa miaka 45 na siku 161, akawa mzee kuliko wachezaji wote waliopata kuingia uwanjani katika fainali za Kombe la Dunia.

Umri huo ndio utajwao kwanza kila jina lake linapotajwa, na ni haki utajwe. Walakini kwa rai ya mwandishi wa makala haya umri umefunika jambo jingine lililo na uzito zaidi, nalo ni kuwa El-Hadary aliianza safari yake ya taifa akiwa kipa wa akiba, akakaribia kuimaliza akiwa kipa wa akiba vilevile, na sehemu kubwa ya sifa alizozipata uzeeni alizipata kwa kuwa tayari siku ambayo hakuna aliyemtazamia.

Dumyat ni mkoa wenye sifa ya useremala, ambao vitanda, makabati na viti vyake husafirishwa kote Misri, na kijana wa huko aliyetaka kuacha masomo au karakana ili akadake mipira hakuweza kutarajia kupongezwa na wazee wake. El-Hadary mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akizifua nguo zake za mchezo mtoni kabla ya kurejea nyumbani, ili tope lisimshitaki kwa baba yake. Klabu yake ya kwanza ilikuwa ile ya Dumyat, na alipoanza kuichezea, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ya ukipa ilikuwa imekwisha kupinduliwa na kanuni mpya ya mwaka 1992, iliyomkataza mlinda lango kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Makipa wa zamani, waliozoea kuupumzisha mchezo kwa kuukumbatia mpira kifuani, walitaabika sana; vijana wa rika lake hawakuwa na la kusahau, bali walijifunza tangu awali kwamba kipa naye ni mchezaji mwenye miguu. Miguu yake hiyo ilikuja kudhihirika mwaka 2002, katika mchezo wa kuwania Kombe la Super la Afrika, pale alipoupiga mpira wa adhabu kutoka mbali mno ukaingia moja kwa moja katika nyavu za Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, siku ambayo klabu yake ilishinda kwa mabao 4 kwa 1.

Klabu hiyo ilikuwa Al Ahly ya Cairo, iliyomchukua mwaka 1996, na mwaka huohuo akavaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza. Kuvaa jezi, hata hivyo, ni jambo moja, na kumiliki lango ni jambo jingine. Misri ilipokwenda Burkina Faso mwaka 1998 na kulitwaa kombe la bara kwa kuishinda Afrika Kusini 2 kwa 0, lango lilikuwa mikononi mwa Nader El-Sayed, na El-Hadary alirudi nyumbani na nishani ya bingwa ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na kutazama. Kipa wa akiba ana dhiki isiyomfika mchezaji mwingine yeyote, kwani mshambuliaji wa akiba hujua kwamba dakika ya sabini huenda akaitwa, ama kipa wa akiba huweza kumaliza msimu mzima akiupasha mwili moto kwa ajili ya mchezo ambao hatauingia, na asipokuwa na subira hugeuka mchungu kwa wenzake na mzigo kwa kocha.

Miaka ya enzi yake hasa ni ile ya 2001 hadi 2008. Al Ahly, chini ya kocha Mreno Manuel José, ilikuwa timu ambayo Afrika nzima iliiogopa: ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2001, ikautwaa tena mwaka 2005 na 2006, ikaumaliza msimu wa ligi wa 2004–05 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na mwishoni mwa 2006 ikashika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia la Klabu kule Japani. Katika timu iliyoshambulia kiasi hicho mlinda lango hukaa muda mrefu bila kazi, kisha huitwa ghafla kuokoa hatari moja ambayo ndiyo inayoamua mchezo. Na ustadi wa El-Hadary ulikuwa katika kuitambua hatari hiyo mapema, kutoka langoni kwa ujasiri, na kuwaamrisha mabeki wake kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kudai kuwa hakuisikia. Washabiki walimpa lakabu ya Bwawa Kuu, kwa jina la lile boma la Aswan liuzuialo mto Nili. Aidha walimpenda kwa vituko vyake, maana baada ya ushindi mkubwa alikuwa na ada ya kuupanda mtambaa wa panya na kucheza ngoma juu yake mbele ya halaiki, jambo ambalo makocha wenye moyo mdogo hawakulitazama kwa furaha.

Tarehe 10 Februari 2006, katika Uwanja wa Kimataifa wa Cairo, Misri ilikutana na Côte d'Ivoire katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika 120 zilikwisha kwa suluhu, na katika muda wa nyongeza nahodha wa Misri, Ahmed Hassan, alikuwa amekwisha kukosa penalti, hata uwanja mzima ukaingiwa na hofu kwamba bahati imewapa kisogo wenyeji. Ilipofika zamu ya mikwaju, wa kwanza kwa upande wa wageni alikuwa Didier Drogba, mshambuliaji aliyekuwa akitikisa nyavu za Ulaya. El-Hadary akaupangua mkwaju wake, kisha akaupangua na wa Bakary Koné, na Mohamed Aboutrika akaukamilisha ushindi wa 4 kwa 2. Miaka miwili baadaye, kule Kumasi, timu hizo mbili zilikutana tena katika nusu fainali. Misri ilishinda 4 kwa 1, na atakayeyasoma matokeo hayo peke yake hatajua ni michomo mingapi ya Waivori iliyozuiwa kabla ya hesabu kufikia hapo. Fainali ya Accra ilikwisha kwa bao moja la Aboutrika dhidi ya Kamerun, na mwaka 2010 kule Luanda bao moja la Gedo liliishinda Ghana. Hivyo Misri ilichukua kombe mara tatu mfululizo, jambo ambalo taifa jingine la Afrika halijalifanya, na mara zote tatu kipa aliyeanza na kumaliza fainali alikuwa El-Hadary, na mara zote tatu akatangazwa mlinda lango bora wa mashindano.

Katikati ya neema hiyo ndipo alipofanya tendo lililomgharimu mapenzi ya watu wengi. Siku chache tu baada ya fainali ya Accra, ilhali mkataba wake na Al Ahly ulikuwa haujafika ukingoni, aliondoka kwenda Sion ya Uswisi bila idhini ya klabu yake. Kesi ilipelekwa FIFA, kisha katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Lausanne, na hukumu ikawa kwamba mchezaji amevunja mkataba pasipo sababu ya haki: alifungiwa miezi minne, na mwaka 2010 yeye pamoja na Sion wakaamriwa kuilipa Al Ahly dola 796,500. Wako waliomwita msaliti. Hukumu ya sheria ilikuwa wazi na haina haja ya kutetewa. Lakini ni insafu kukumbuka kwamba alikuwa na miaka 35, kwamba hakuwa amepata kucheza Ulaya, na kwamba mwenye umri huo akiuona mlango umefunguka hana hakika ya kuuona tena. Sion haikumweka sana. Mwaka 2009 alirejea Misri kuichezea Ismaily, kisha akahamia Zamalek, hasimu wa jadi wa Al Ahly, kisha Al-Merrikh ya Sudan.

Kuna jambo la ajabu katika kwenda kwake Sudan. Mnamo Juni 2009, katika Kombe la Mabara lililochezwa Afrika Kusini, Misri ilikuwa imewafunga Italia, mabingwa wa dunia, bao 1 kwa 0 mjini Johannesburg, na El-Hadary aliwazuia Waitalia kwa namna iliyowafanya wengi waamini kwamba Kombe la Dunia la mwaka uliofuata halitakuwa na haki bila yeye. Miezi mitano baadaye Misri na Algeria zilifungana kwa kila hesabu katika kundi lao la kufuzu, ikabidi mchezo wa kuamua uchezwe mahali pa kati. Ukachezwa tarehe 18 Novemba huko Omdurman, na shuti la Antar Yahia likampita El-Hadary, Misri ikabaki nyumbani. Uwanja ule ulikuwa wa Al-Merrikh. Lango lililomnyima Kombe la Dunia ndilo aliloajiriwa baadaye kulilinda.

Misri haikuwa imefika fainali za dunia tangu 1990, wakati Ahmed Shobair alipokuwa langoni, na miaka iliyofuata haikuleta faraja. Mnamo Februari 2012 watu 74 walikufa katika ghasia za uwanja wa Port Said na ligi ikasimamishwa. Mwaka 2013 Ghana ikaifunga Misri 6 kwa 1 kule Kumasi na kuizima ndoto ya kwenda Kombe la Dunia la Brazil. Na kwa mashindano matatu mfululizo mabingwa wa jana hawakufuzu hata kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. El-Hadary alikuwa amekwisha kupita miaka arobaini, akizunguka katika klabu za wastani, na makipa waliozaliwa alipokuwa yeye kijana walikuwa wamekamata nafasi.

Alichukuliwa kwenda Gabon kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2017 akiwa kipa wa tatu. Katika mchezo wa kwanza, dhidi ya Mali, Sherif Ekramy hakuwa tayari na Ahmed El-Shenawy aliumia kabla ya nusu saa kwisha, na mzee wa miaka 44 akaingia langoni, akiwa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote katika historia ya mashindano hayo. Mali haikupata bao. Uganda ya Denis Onyango haikupata, Ghana haikupata, Morocco haikupata. Ilibidi ifike nusu fainali ndipo Burkina Faso ilipomfunga, na hata hivyo mchezo ulipoingia katika mikwaju alipangua miwili, ukiwamo wa Bertrand Traoré, akaifikisha Misri katika fainali. Kule Libreville Kamerun ilitoka nyuma na kushinda 2 kwa 1, bao la pili likiwa la Vincent Aboubakar dakika ya 88.

Safari ya Urusi ilipitia Afrika Mashariki. Agosti 2017, katika uwanja wa Namboole, Emmanuel Okwi wa Uganda, ambaye washabiki wa Dar es Salaam walimjua kwa jezi nyekundu ya Simba, alimfunga El-Hadary bao la pekee la mchezo, na Kampala ikalala usiku ule ikiota kombe la dunia. Siku tano baadaye Misri ililipiza kwa bao moja la Mohamed Salah, na mwezi Oktoba, huko Borg El Arab, penalti ya Salah katika dakika za majeruhi ikaizamisha Kongo-Brazzaville 2 kwa 1 na kuifuzisha Misri.

Nchini Urusi kocha Héctor Cúper alimweka Mohamed El-Shenawy katika michezo miwili ya kwanza, na yote miwili Misri ikafungwa. Mchezo wa tatu, dhidi ya Saudi Arabia, ambako wakati huo El-Hadary alikuwa akiichezea klabu ya Al-Taawoun, haukuwa na faida tena kwa yeyote, na ndipo alipopewa lango pamoja na unahodha. Dakika ya 41 mwamuzi alitoa penalti. Fahad Al-Muwallad akapiga kwa nguvu, na mkono wa El-Hadary ukaugusa mpira ukagonga mtambaa wa panya. Kabla ya mapumziko ilitolewa penalti nyingine, na hiyo ikaingia. Bao la mwisho kabisa likawapa Wasaudia ushindi wa 2 kwa 1. Wako wasemao kwamba kumchezesha kulikuwa heshima tu, wala si mahitaji ya timu. Penalti ile ya kwanza inawajibu.

Aliaga timu ya taifa mwezi Agosti 2018, akacheza kidogo tena nyumbani, na mwaka 2020 akatangaza kwamba ameacha kabisa. Mwaka uliofuata kocha Carlos Queiroz alimchukua kuwafundisha makipa wa Misri, na katika Kombe la Mataifa la Kamerun, mapema 2022, Mohamed El-Shenawy alipoumia mbele ya Côte d'Ivoire, langoni aliingia Mohamed Abou Gabal, aitwaye Gabaski, mtu wa miaka 32 asiyejulikana nje ya Misri. Akaupangua mkwaju wa Eric Bailly siku ileile, akaizuia Kamerun katika nusu fainali, na katika fainali akaipangua penalti ya Sadio Mané mwanzoni mwa mchezo, kabla ya Senegal kushinda kwa mikwaju.