Mapendeleo ya Kujifunza, na Kocha Asiye wa Mpira

Ukitaja kocha katika stendi ya Garsen, watu watamtafuta mwenye filimbi. Lakini tangu Tusome, mradi wa kufundisha watoto kusoma, uenezwe Kenya nzima mwaka 2015, shule za msingi nazo zina kocha wao: afisa wa kusaidia mtaala. Huketi nyuma ya darasa na kishikwambi mkononi, akamtazama mwalimu akifundisha kusoma, kisha somo likiisha wakazungumza. Kazi hiyo naiita ukocha. "Ukufunzi" unanukia chuo cha ualimu, na "unasihi" umeshachukuliwa na washauri wa wenye majonzi.

Makocha hawafanani. Yupo anayeelekeza: fanya hivi, acha vile. Yupo anayeuliza mpaka mwalimu ajionee mwenyewe palipokwama. Yupo anayechukua chaki akaonyesha. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya Ngao au Tarasaa, mbele ya watoto waliokuja na Kipokomo na wengine na Kiorma, aonyeshwe kwanza. Kumrushia maswali ya kina ni kumtesa. Mkongwe naye atanuna ukimpa maagizo.

Linalonikera ni istilahi jirani, "mtindo wa kujifunza". Mwaka 1992 Neil Fleming na Colleen Mills, huko New Zealand, waliainisha njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Uainishaji huo ukaenea, watu wakaanza kujitambulisha nao kama kabila: mimi ni wa kusikia. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtu huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kwamba watu wana wanachopenda, hilo halina ubishi. Ndiyo maana nachagua "mapendeleo ya kujifunza", tena kwa wingi, kwa sababu "upendeleo" una doa: hukumbusha basari iliyoishia kwa mtoto wa jamaa.

Hata hivyo, njia ya kufundishia huamuliwa na jambo lenyewe, si na mapendeleo. Anayetaka kuvusha watu mto Tana kwa mtumbwi, apende kusikiliza asipende, sharti ashike upondo. Sauti za herufi nazo sharti zisikike.

Mapendeleo hufaa zaidi wakati wa kumpa mwalimu maoni kuhusu somo lake. Hapo kocha amuulize mwalimu mapema: nikwambie leo au kesho, kwa mdomo au kwa maandishi, mwalimu mkuu akiwepo au tukiwa wawili tu?