Hela ya Tabora

Mwaka nilioanza shahada ya uzamili, Bibi alifungua kopo lake akanipa sarafu ya shaba. "Kaiuze, mjukuu wangu, ulipe ada."

Upande mmoja umeandikwa 20 Heller. Upande wa pili kuna D.O.A., mwaka 1916, herufi T ya Tabora, na taji lililofutika. Sehemu moja ya ukingo pia ni bapa. Mnunuzi niliyempata alisema nikimthibitishia kwamba taji lilikosewa kiwandani, bei itapanda. Sarafu iliyochakaa tu hakuitaka.

Nikaazima lenzi. Nilitamani sana liwe kosa.

Uwezekano ulikuwepo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza ziliziba pwani na Wajerumani wakaishiwa chenji. Wakajifulia sarafu zao karibu na Tabora, kwa vifaa vya karakana ya reli. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Sarafu nyingi za huko zilitoka na kasoro.

Kasoro hizo zina alama zake. Muhuri usipoibana shaba sawasawa, mchoro hufifia mahali palepale pande zote mbili, na vilivyo jirani hubaki vimesimama. Mikono ya watu haifanyi hivyo: hula kwanza kilichoinuka, kidogo kidogo, na kuacha uso laini.

Nikageuza sarafu. Ukingo ulikuwa bapa mbele na nyuma: hiyo ilikuwa kazi ya mtambo, ila ni kasoro ya kawaida kwa sarafu za Tabora, haiongezi bei. Taji lilikuwa laini kama kokoto ya mtoni, na nyuma yake tarakimu 20 zilikuwa bado zimesimama. Mtambo haukuhusika.

Nilimpigia Bibi. Akacheka. "Marehemu mama aliifunga kwenye pindo la kanga. Akiwa na mawazo, anaisugua kwa kidole gumba. Upande huohuo kila siku."

Nilimwambia mnunuzi ukweli, naye akaondoka. Ada nililipa kwa awamu, kwa kufundisha tuisheni jioni. Kila mwisho wa mwezi Bibi alinipigia kuuliza kama nina hela, neno tulilolirithi kutoka kwa Heller hiyohiyo. Nilimjibu kwamba ninayo moja, na siiuzi.