Kukadirisha si kukata

“Kadirisha hadi nafasi mbili za desimali.” Aliyesoma hisabati shuleni Tanzania anaijua amri hiyo: 7.238 inakuwa 7.24. Anayefuta tarakimu ya mwisho na kuandika 7.23 hajakadirisha, amekata.

Waandishi wa programu huvichanganya vitendo hivi viwili. Mwaka 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha fahirisi yake ikiwa 1,000. Hisa zilipouzwa, kompyuta ilikokotoa fahirisi upya, kisha ikakata kilichozidi nafasi tatu za desimali. Kilichopotea kila mara ni chembe tu, ila kilipotea mara nyingi mno kwa siku, na daima kuelekea chini. Novemba 1983 fahirisi ilisomeka karibu 524, ilhali hisa zenyewe hazikuwa zimeporomoka hivyo. Iliposahihishwa, ikaruka hadi karibu 1,098! Makosa ya kukadirisha huenda juu na chini, yakafutana kwa sehemu kubwa. Ya kukata hujilimbikiza upande mmoja.

Basi wewe unayeandika programu ya duka au ya SACCOS, jihadhari: lugha nyingi za kompyuta, ukigeuza desimali kuwa namba nzima, hukata bila kukuuliza. Tunza fedha kwa senti, kama namba nzima. Kadirisha mwishoni, si katikati ya hesabu. Na usisahau kujaribu namba hasi, maana huko kukata huipandisha namba badala ya kuishusha.