Kabla ya Kununua Skrini, Chagua Gemu

Unataka kujitengenezea kabati la gemu za zamani, zile za kutumbukiza sarafu? Basi usikimbilie dukani kununua skrini. Anza na historia kidogo.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Maadui wanashuka kutoka juu, wewe uko chini unawafyatulia. Mchezo ulihitaji kimo, hivyo kioo kiligeuzwa nyuzi 90. Toleo la kwanza halikuwa na rangi. Rangi zilitoka kwenye vipande vya plastiki vilivyowekwa juu ya picha. Pac-Man ya Namco, 1980, ilikuja na rangi zake, lakini nayo ilisimama wima: pikseli 224 kwa upana, 288 kwa kimo.

Sasa tupige hesabu. Chukua skrini bapa ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukiilaza, Pac-Man itachukua upana wa pikseli 810 tu, na zaidi ya nusu ya skrini uliyolipia itabaki giza. Ukiisimamisha, picha itajaza robo tatu. Ila Street Fighter II ya 1991 ni ya kulala, kwa hiyo hesabu inageuka.

Vipi TV ya chogo? Gemu hizi zilichorwa kwa ajili yake, ila usiifungue ovyo: hata ikichomolewa, inaweza kuwa bado na umeme wa kuua.

Kwa hiyo orodhesha gemu zako, hesabu za wima na za kulala, ndipo uende dukani.