"Log in" si kuingia tu

Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze kijineno kimoja cha Kiingereza tunachokutana nacho kila siku: "log in". Sie tumekifasiri "ingia", na mie nilikielewa hivyo hivyo wiki yangu ya kwanza kazini huku Uingereza. Msimamizi alisema nisianze kazi kabla ya "log in". Nikaitikia, nikaingia mlangoni, nikachapa kazi mpaka jioni. Mshahara ulipokuja, siku nzima haimo. Kwenye kompyuta yao sikuwepo. Kuingia nimeingia, lakini sikuandikwa!

Hapo ndo nikaanza kulichimba neno. "Log" ni gogo. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakipima mwendo wa meli kwa kutupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kamba; William Bourne alilieleza jambo hilo mwaka 1574. Baadaye kamba ikapigwa mafundo, yakawa yanahesabiwa kwa karibu nusu dakika, mchanga ukishuka kwenye kioo. Ndiyo maana hadi leo mwendo wa meli hutajwa kwa mafundo. Hesabu ile iliandikwa kitabuni, kitabu kikarithi jina la gogo, na kuandika humo nako kukaitwa "to log".

Kisha neno likapanda nchi kavu. Novemba 1961, pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, ambao watu kadhaa waliweza kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mtu alikuwa na mgao wake wa muda, kwa hiyo ilibidi mashine ijue nani yupo na katumia kiasi gani. Amri ya kuanzia ikawa "login", ya kumalizia "logout". Basi "in" na "out" ni mlango tu. Uzito uko kwenye "log", yaani kuandikwa.

Na sie watu wa pwani tunalo la kwetu: batli. Ni kipimo cha mwendo wa chombo, na ni daftari la safari vilevile. Ubao na kitabu, jina moja!

Sisemi tuache "ingia", limeshazoeleka. Ila mgeni akija kuanza kazi, mwambieni kuwa "log in" ni kuandikisha kwamba umeingia. Mie somo hilo nimelilipia ujira wa siku moja.